Mtani wa Bwana Shauri

Mume wangu Damiano alikamatwa kwa kosa la kuwatoa ng'ombe wawili katika nchi ya Mfalme Joji na kuwaingiza katika nchi ya Mfalme Joji. Nikisema hivi watu hudhani nafanya mzaha. Sifanyi. Ndivyo ilivyokuwa Tunduma mwaka ule wa sotoka: kusini ya mpaka Mwingereza, kaskazini ya mpaka Mwingereza, na katikati kasimama askari wa Mwingereza na bunduki yake, anazuia ng'ombe wasipite. Sotoka ilikuwa ikiua mifugo, hilo silikatai. Lakini ng'ombe wa Damiano walikuwa wazima, wamenona, na njia waliyopita ni ile ile waliyopita mababu zetu Wanamwanga kabla mtu hajafikiria kuugawa ukoo mmoja nchi mbili.

Ng'ombe wenyewe walikuwa wa mahari yangu. Baba yangu, mzee wa Ndalambo asiyependa maneno mengi, alikuwa amekwisha kusema: mahari isipotimia kabla sijajifungua, atakuja kunichukua, na mtoto atakuwa wa ukoo wake yeye. Kwa baba mtoto hakufuata pua ya mzazi wake, alifuata ng'ombe. Damiano alikuwa na mitamba wawili waliotunzwa na baba yake mdogo ng'ambo ya mpaka, naye alingoja wee amri ya sotoka iondolewe. Haikuondolewa. Tumbo langu nalo halikungoja amri ya mtu.

Basi alfajiri moja akawaswaga kwa njia ya wakata kuni, akakutana na askari uso kwa uso. Mitamba walipigwa risasi palepale wakachomwa moto, hata ukwato hatukupewa. Damiano akatiwa mahabusu Tunduma, kungoja Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, aje kusikiliza kesi. Waliokamatwa kabla yake walipelekwa jela za mbali, na mmoja wao mkewe alikuwa bado anauliza wapita njia kama wamemwona. Usingizi ukanihama. Nikifumba macho namwona Damiano na minyororo miguuni, nikifumbua namwona baba amesimama mlangoni.

Mama mkwe wangu, Roda, alisema tusubiri na tumwombe Mungu. Kuomba niliomba, lakini kusubiri sikuzaliwa nako. Nilikuwa na kaka yangu Luka, mpishi kwa Mzungu mwenye shamba la kahawa karibu na Vwawa, jina lake Bwana Tambuli. Na barabara nzima ilijua kwamba Bwana Shauri akipita Vwawa hali kwingine ila kwa Bwana Tambuli. Nikafunga viazi vya njiani katika kitambaa, nikaomba kupakiwa kwenye lori la chumvi, nikaenda na tumbo langu.

Luka alikuwa jikoni, nyuma ya nyumba ya Bwana wake, ananyonyoa kuku. Nilimweleza yote bila kukaa chini.

"Kaka, yule bwana wako si ndugu yake Bwana Shauri? Mwambie akamwombee mulamu wako, mume wangu. Damu nzito kuliko maji."

"Ndugu gani?" Luka akatikisa kichwa. "Hebu thubutu umwite Bwana Tambuli Mwingereza uone. Juzi fundi mmoja kamwita hivyo, kafukuzwa kwa fimbo mpaka kwenye mibuni."

"Kwani si Mwingereza? Rangi ni ile ile, Kiingereza ni kile kile, na picha ya Mfalme nimeiona ukutani."

"Mfalme ni wake. Kabila ndilo si lake. Yeye Mskoti."

Neno hilo nililijua. Wamisheni wa ng'ambo ya mpaka walionifundisha kusoma walikuwa wakiitwa Waskoti, nami siku zote nilidhani ni jina la dhehebu, kama vile wa Mbozi Mission wanavyoitwa Wamoraviani. Kumbe ni kabila! Luka alicheka mpaka akamwangusha kuku wake kwenye majivu, kisha akanieleza alichokiokota miaka yote ya kusimama nyuma ya viti vya Wazungu akiwa ameshika bakuli.

Kwao, alisema, ni kisiwa kimoja chenye makabila. Waskoti wako kaskazini, milimani kwenye baridi. Waingereza wako kusini, nao ndio wengi. Walichinjana miaka na miaka kwa mikuki na kwa mizinga. Baadaye ufalme ukawa mmoja, wakatiwa wote chini ya jina moja, Britishi, na kwa jina hilo ndiyo wametoka kuja kututawala sisi. "Ukimwita Bwana Tambuli Mbritishi, anakubali shingo upande," alisema Luka. "Ukimwita Mwingereza, anatafuta fimbo."

"Kama sisi tu," nikasema. "Mimi naitwa mtu wa Tanganyika, baba mdogo wa Damiano anaitwa mtu wa Rodesia, na akija mgeni kutuuliza wote tunasema Wanamwanga."

"Ndiyo hivyo."

"Na wakikaa mezani, yeye na Bwana Shauri, wanaongea nini?"

"Mayo we! Matusi matupu. Bwana Shauri anamwuliza Bwana Tambuli ameiacha wapi sketi yake, kwa maana wanaume wa Uskoti huvaa sketi kwenye sherehe. Bwana Tambuli anajibu kwamba wanaume wa Uskoti hawana haja ya suruali ili wajulikane ni wanaume. Kisha anasema Waingereza wameiba nchi za watu kwa sababu kwao jua halitoki. Wanacheka hadi machozi. Akija tena, yale yale."

Hapo ndipo nilipoona mwanga. Nasema kweli, moyo ulinidunda hadi mtoto akageuka tumboni.

"Kaka," nikasema, "hao ni watani."

Luka akaacha kunyonyoa. Sote wawili tulikuwa tumewaona Wangoni na Wabemba kule ng'ambo, watu waliouana enzi za mababu na sasa hawakutani bila kutukanana. Niliwahi kumwona Mngoni kwenye mazishi ya Mbemba: aliingia kaburini kabla ya maiti, akajilaza, akasema pamemfaa na hatoki mpaka apewe jogoo. Wafiwa walicheka huku wanalia, na jogoo akapewa. Ndiyo kazi ya mtani. Husema lisilosemeka, huomba lisiloombeka, na anayeombwa hana ruhusa ya kukasirika wala kukataa. Na utani unatoka wapi, kama si kwa watu waliopigana wakachoka wakapatana? Kila kitu kilikaa mahali pake. Tulijiona wenye akili sana jikoni pale, mimi na kaka yangu.

Bwana Tambuli alikuwa barazani, mtu mrefu, mwekundu, kofia magotini. Luka alipokwisha kusema mimi ni dada yake, sikumpa nafasi ya kuuliza shida yangu. Nikaimba zaburi, kwa ile sauti ya polepole waliyotufundisha wamisheni, inayopanda kama mtu anayekwea mlima amebeba mzigo. Akakaa wima.

"Wewe jifunza wapi hii?"

"Kwa Waskoti, Bwana. Watu wa kwenu."

"Watu ya kwetu," akarudia, na macho yakamlengalenga. Nilimwonea huruma kidogo. Sijui ni lini mtu mwingine alikuwa amemwita kwa kabila lake bila kulikosea.

Nikamweleza mambo ya Damiano. Niliposema mpaka na ng'ombe nilipunguza sauti, kwa kuwa yeye naye alikuwa na mifugo na angeweza kuchukia wavushaji. Badala yake akajipiga kofi gotini. Kumbe kwao pia ni mpakani! Kuna mto, alisema kwa Kiswahili chake cha shamba, huku Skoti huku Mwingereza, na ukoo wake wote, babu na baba wa babu, kazi yao ilikuwa kuvusha ng'ombe wa ng'ambo. "Moja walinyonga yeye," alisema, akajipiga kifua. "Waingereza. Kwa sababu ya ng'ombe kumi tu!" Sijawahi kumwona mtu anayejivunia babu aliyenyongwa kwa wizi. Lakini nilikuwa mwombaji, nikamsifu marehemu.

"Basi Bwana, wewe na Damiano ni watu wa kazi moja," nikasema. "Na wewe na Bwana Shauri ni watani. Ukienda kumwombea, hawezi kukukatalia."

Luka akamfafanulia utani ni nini. Akamweleza habari za Mngoni na jogoo. Akamwambia pia, na hili tulilisema sote wawili, kwamba utani wa faraghani ni mazungumzo tu. Utani wenye nguvu husemwa hadharani, mbele ya watu, ili watu wawe mashahidi. Bwana Tambuli alicheka sana. "Mtani!" alisema. "Ndiyo, yule mtani yangu kabisa. Mimi nakuja Tunduma." Akanipa mkono. Mkono wa Mzungu, nami nina jasho la lori la chumvi.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia mama mkwe. Roda alikuwa anapepeta ulezi, hakuinua kichwa.

"Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," alisema. "Wakipatana, chukua kapu ukavune."

"Mama, hawa si ndugu. Ni watani."

"Haya, mwanangu," akasema, akaendelea kupepeta.

Tangu hapo nilikuwa mtu wa kuhesabu hofu. Je, Bwana Tambuli akisahau? Je, akilewa? Je, lori la Bwana Shauri likija mapema na kesi ikaisha kabla yake? Nilikwenda mahabusu kumpelekea Damiano chakula, askari akapokea sahani na kunifungia mlango. Niliweza kusikia kikohozi chake tu. Nikamwambia kwa sauti, kupitia ukuta, kwamba mtu atakuja kumsemea. Akajibu, "Mtu gani?" Nikasema, "Mtani." Askari akanifukuza.

Siku ya kesi Bwana Shauri aliweka meza nje, mbele ya nyumba ya wageni ya serikali, bendera nyuma yake. Alikuwa kijana, masharubu yake bado membamba, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Karani wake aliitwa Efraimu, kijana aliyesomeshwa na Wamoraviani, amekaa pembeni na kalamu. Tunduma yote ilikuwa pale, na watu wa ng'ambo pia, maana watu kupita hawakukatazwa, ni ng'ombe tu. Bwana Tambuli sikumwona. Luka alikuwa amekuja tangu jana, akaniapia kwamba Bwana wake yuko njiani, lakini yeye mwenyewe alikuwa anakata kucha kwa meno.

Wakamtoa Damiano. Amekonda, ndevu zimemjaa. Kabla ya kumwangalia Bwana Shauri aliangalia tumbo langu.

"Wewe ni mtu wa Tanganyika au mtu wa Rodesia?" akauliza Bwana Shauri.

"Mimi Mnamwanga, Bwana."

"Sikuuliza kabila. Nauliza nchi."

"Nyumba yangu iko huku. Baba yangu mdogo yuko kule. Makaburi yetu yako kote kote."

"Mtu hawezi kuwa wa kote kote. Chagua moja."

Damiano akafikiri. Namjua mume wangu, hakuwa na ujeuri, alikuwa anatafuta jibu la kweli. "Bwana," akasema, "nchi zote mbili si za Mfalme wako?"

Watu wakaguna. Paji la Bwana Shauri likakunjamana, nami nikashika mkono wa Luka nikaufinya. Ndipo ikasikika motokaa.

Bwana Tambuli alishuka amevaa koti na tai, kofia kichwani, uso umewaka. Hakungoja kuitwa. Alikuja moja kwa moja hadi mbele ya meza, akasimama karibu na Damiano, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika hadi forodhani:

"Bwana Shauri! Wewe Mwingereza. Babu yako nyonga babu yangu kwa ng'ombe. Leo taka nyonga huyu pia? Hapana choka?"

Watu wakamgeukia Bwana Shauri. Kisha masharubu ya Bwana Shauri yakacheza, akatabasamu. Naapa alitabasamu, nilimwona. Watu nao walipoona tabasamu wakaachia kicheko.

"Ninyi Waingereza," akaendelea Bwana Tambuli, sasa ameukolea utani, amewageukia watu, "kiona mto, weka mpaka! Kiona mpaka, weka askari! Kiona ng'ombe, kula yeye, kisha sema sotoka!"

Mayo we! Uwanja ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele. Askari mwenyewe aliyemkamata Damiano aliinama akijishika mbavu. Mzee mmoja wa ng'ambo akapaza sauti, "Mpe, mtani, mpe!" Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu wapige risasi wale mitamba nilihisi pumzi inashuka hadi chini.

Nadhani nilikuwa wa kwanza kuacha. Niliona Bwana Shauri hamwangalii tena Bwana Tambuli. Alikuwa anatuangalia sisi. Alituangalia mmoja mmoja, midomo iliyo wazi, meno, watoto waliobebwa mabegani, na tabasamu likamtoka usoni pole pole. Akasimama. Akasema maneno machache ya Kiingereza, ya chini, akaingia ndani ya nyumba ya wageni. Efraimu akachukua karatasi zake akamfuata. Bwana Tambuli naye akafuata, na alipofika mlangoni akageuka akanikonyeza.

Tukangoja. Jua lilikuwa kali na hakuna aliyediriki kwenda kivulini. Damiano alibaki amesimama peke yake mbele ya meza tupu. Kutoka ndani tulisikia sauti ya Bwana Shauri, ya polepole, bila kupanda. Sauti ya Bwana Tambuli ilijibu mara moja, mara mbili, ikanyamaza. Kisha tukasikia vijiko kwenye vikombe. Kisha, wallahi, tukasikia kicheko. Cha watu wawili.

"Umesikia?" Luka akaninong'oneza, machozi yanamtoka. "Wanacheka! Utani umekubali!"

Damiano naye alikisikia. Akanigeukia akatabasamu, tabasamu lile alilonipa siku aliyokuja kwetu Ndalambo kuposa. Siku zote zilizofuata nililikumbuka, na kila nilipolikumbuka niliumia.

Walitoka pamoja. Askari akaleta kiti cha pili, akakiweka nyuma ya meza, ubavuni pa Bwana Shauri, na Bwana Tambuli akakaa pale, kofia magotini. Kiti hicho ndicho kilichoniambia kabla mtu hajafungua mdomo. Mtani haketi upande ule wa meza.

"Watu wamefikiri hapa ni ngomani," akasema Bwana Shauri. "Mahakama ya Mfalme si mahali pa mchezo. Mtu huyu amevunja amri iliyowekwa kulinda ng'ombe wenu wenyewe." Akatamka adhabu: mwaka mzima na kazi ngumu, jela ya pwani. Kisha akageuka kwa adabu. "Bwana Tambuli ni mfugaji, anajua hatari ya sotoka kuliko mtu yeyote hapa. Anakubaliana nami. Sivyo, Bwana Tambuli?"

Bwana Tambuli alikuwa anaangalia kitambaa cha meza.

"Ndiyo," akasema. "Sheria iko moja kwa wote."

Sikupiga kelele. Watu walidhani nitapiga, wakanishika mikono. Damiano walimpitisha karibu nami. "Nesta," alisema, "usiende kwa baba yako." Hakuwa na muda wa kusema lingine.

Efraimu alitukuta barabarani jioni ile. Hakuwa mtu mbaya, na nadhani jambo lilimlemea. Nilimwuliza ni nini kilisemwa mle ndani.

"Bwana Shauri hakumgombeza," alisema Efraimu. "Alimwambia, mezani kwako nitukane upendavyo, wewe Mskoti mimi Mwingereza, nami nitacheka. Lakini mbele ya hawa hakuna Mskoti wala Mwingereza. Sisi tuko wachache, wao ni maelfu. Wakizoea kumcheka mmoja wetu, wametucheka wote. Na sasa huyu mtu siwezi tena kumpunguzia, maana watasema tumechekwa mpaka tukaogopa."

"Angempunguzia?"

Efraimu akaangalia viatu vyake. "Alikuwa amefikiria faini. Alinitajia asubuhi, kabla ya yote."

Luka akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

"Na Bwana Tambuli alijibu nini?"

"Kwamba hakuliwaza hilo. Kisha wakanywa chai."

"Na kile kicheko?"

"Ah," akasema Efraimu. "Bwana Shauri alimwuliza ameiacha wapi sketi yake."

Nyumbani Roda hakunikumbusha methali yake. Ingekuwa afadhali angenikumbusha. Baba alipokuja kunichukua, mama mkwe ndiye aliyenifungia nguo zangu, akazitia kwenye kapu, akanikabidhi, akaingia ndani akafunga mlango. Nilikwenda Ndalambo nyuma ya baba nimelibeba lile kapu. Huko nikajifungua mtoto wa kiume, na baba akampa jina la marehemu kaka yake, jina la ukoo wake, kama alivyoahidi. Nilimnyonyesha mwanangu nikimwita kimoyomoyo kwa jina alilokuwa ameliteua Damiano, Lusubilo, yaani tumaini. Kwa sauti sikuthubutu.

Mtoto alikuwa bado hajakaza shingo Bwana Tambuli alipofika. Alikuja kwa miguu, nyuma ya mitamba wawili weusi, Luka akiwaswaga. Wazee wa Ndalambo walitoka nje kumwona Mzungu mwenye vumbi hadi magotini. Sotoka ilikuwa bado haijakwisha, na amri ya kutohamisha ng'ombe ilikuwa bado ipo wilaya nzima. Nilimwuliza Luka wamepitaje kwa askari.

"Kibali," Luka akajibu bila kuniangalia. "Bwana Shauri alimwandikia walipokuwa wanakula."

Bwana Tambuli akavua kofia. "Hii ya Damiano," akamwambia baba. "Ya mahari." Baba alizunguka wale mitamba, akawapapasa migongo, akawafungua midomo. Akasema ng'ombe ni ng'ombe. Akasema mahari imetimia.

Ningependa kusema niliwakataa. Usiku mwingi nilikuwa nimejisemea nitakavyomtemea mate akinijia. Lakini mwanangu alikuwa mgongoni, anapumua shingoni mwangu, na wale mitamba ndio waliokuwa njia pekee ya kumtoa kwenye jina lile. Nikaishika kamba. Asante sikutoa, mtani hashukuriwi.

Bwana Tambuli hakuondoka. Aliizungusha kofia mikononi.

"Wewe kasirika," akasema.

Nikamsogeza mtoto mgongoni.

"Nesta. Mimi hapana Mwingereza. Wewe najua. Wewe naimba ile zaburi."

Nilimtazama yule mtu mzima, na huruma ile ya barazani ikanijia tena, nikaichukia.

"Ukiwa peke yako, Bwana," nikamwambia, "wewe ni Mskoti."

Alielewa. Nilijua ameelewa kwa sababu hakutafuta fimbo. Alivaa kofia yake akageuka, akaifuata njia ya Vwawa, na Luka akanitazama mara moja kisha akamfuata, maana ndiko kazi yake ilikokuwa.

Nikawaingiza ng'ombe zizini. Kisha nikaenda mbele ya wazee, mbele ya baba, nikasema kwa sauti kwamba mtoto huyu ni Lusubilo, mwana wa Damiano, na hakuna aliyebisha. Naye Damiano alikuwa pwani, anavunja mawe ya Mfalme, hajui kwamba ana mtoto.